Harufu ya Jik

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuagiza tuandike insha juu ya jambo tulilojifunza nje ya darasa, wenzangu wengi hapa Masoro walijua mara moja watakachoandika. Mimi nilikaa siku nne bila kuandika hata neno moja. Jambo nililokuwa nalo lilikuwa la aibu kidogo, na sikuwa na hakika kama nilitaka lisomwe. Mwishowe nimeliandika kwa sababu naona linamhusu kila mtu ambaye siku moja atalala kwenye kitanda cha hospitali, na huyo ni karibu kila mmoja wetu.

Nilimaliza sekondari mwaka 2023. Nilipokuwa nikisubiri matokeo na nafasi ya chuo, nilipata kibarua cha usafi katika kituo kimoja cha afya mashariki mwa Rwanda, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka nyumbani. Sitakitaja jina, kwa kuwa sina nia ya kumshitaki mtu, na kwa kuwa vituo vya namna hiyo viko vingi katika nchi zetu. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki wodi mbili, chumba cha kuzalishia na ukumbi wa wagonjwa wa nje, kuosha vyoo, kupeleka taka shimoni, na kuchota maji siku bomba linapokauka. Bomba lilikauka mara nyingi. Hapo nilishuka bondeni na jerikani ya lita 20, nikapanda nayo kichwani, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima.

Siku ya kwanza msimamizi wa stoo alinikabidhi vifaa: ndoo mbili, mopu moja, fagio, jozi moja ya glovu nene za mpira, kipande cha sabuni ya mche na chupa moja ya Jik. Akaniambia, "Binti, chupa hii ni ya mwezi mzima. Haba na haba hujaza kibaba." Nilimwelewa vizuri. Nimelelewa katika nyumba ambayo mafuta ya kupikia hupimwa kwa kijiko, na kubana matumizi nilikuwa nakujua kuliko hesabu. Basi nikaanza kutia kifuniko kimoja cha Jik katika ndoo ya maji. Ndoo hiyo moja ilipiga deki ukumbi, ikaenda wodini, ikamalizia chumba cha kuzalishia.

Harufu ilikuwa nzuri. Wagonjwa walioingia asubuhi walisema, "Leo pamesafishwa." Msimamizi alinisifu kwamba ni mimi wa kwanza kufikisha chupa tarehe 30. Nami nilijisifu moyoni. Katika mitihani ya shule nilikuwa nimeandika mara nyingi kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na sasa niliona kwamba kinga yenyewe iko mikononi mwangu.

Katika kituo kile palikuwa na mkunga mmoja, mama wa makamo, aliyekulia Bukavu kabla familia yake haijarudi Rwanda. Alipenda kuzungumza Kiswahili, na alipogundua kwamba nakipenda, hakunisemesha tena Kinyarwanda. Sote tulimwita Mama. Mwezi wa pili wa kazi yangu alinikuta nikifuta kitanda cha kuzalishia baada ya mzazi kuondolewa. Godoro lake la plastiki lilikuwa bado na damu pembeni. Nilichovya kitambaa kwenye ndoo yangu nikafuta mara mbili, pakang'aa. Akaniuliza, "Mwanangu, humo ndani umeweka nini?" Nikamwambia. Akauliza kifuniko kimoja kwa maji kiasi gani. Nikamjibu, kwa fahari, "Lita kumi, Mama."

Hakunigombeza. Alichukua kalamu akaniandikia nyuma ya karatasi ya zamani. Dawa iliyomo katika chupa kama ile ni klorini, kiasi cha asilimia 3.5. Ili iue vijidudu vilivyomo kwenye damu inatakiwa ibaki na nguvu ya asilimia 0.5, yaani kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji, kisha iachwe juu ya mahali hapo dakika kumi kabla ya kufutwa. Tena damu yenyewe hula nguvu ya klorini, kwa hiyo sharti uchafu uondolewe na mahali paoshwe kwa sabuni kwanza. Halafu akanipa hesabu ya ndoo yangu nifanye mwenyewe. Kifuniko ni kama mililita 20. Nilipomaliza kugawa, nilipata kwamba maji yangu yalikuwa na nguvu ndogo mara 70 hivi kuliko inavyotakiwa.

"Umekuwa ukipaka harufu," aliniambia.

Nilijitetea kwamba tukitumia kipimo chake chupa haitafika hata wiki. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo sijalisahau. Alisema ni kweli haitafika, kama nitaimwaga kila mahali. Lakini sakafu ya ukumbi haihitaji Jik. Inahitaji maji, sabuni na mkono wenye nguvu, kisha maji machafu yamwagwe, yasiingie nayo katika chumba kingine. Kuta nazo hazihitaji Jik. Pembe za dari hazijawahi kumwambukiza mzazi homa. Pa kutumia Jik ni pachache: kitanda cha kuzalishia, damu iliyomwagika, na beseni vinapolowekwa vitu vilivyoguswa na damu. Huko iwe kali kamili, tena ichanganywe asubuhi hiyo hiyo, maana dawa ya jana imeshachoka. Kisha akaongeza, "Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo. Lakini haba ya dawa haijazi kitu. Dawa pungufu ni maji."

Wiki hiyo nilibadilisha kazi yangu yote. Nilianza na vyumba safi nikamalizia na vichafu, na chumba cha kuzalishia nikakitengea ndoo yake na kitambaa chake. Hata hivyo, kabla sijazoea utaratibu huo mpya, alirudishwa mzazi mmoja aliyejifungua kwetu siku tano nyuma. Alikuwa msichana wa umri wangu, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa akitetemeka kwa homa, na harufu aliyokuja nayo hata mimi nisiyesoma uuguzi niliitambua kwamba si ya kawaida. Gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya wilaya. Nilisimama nyuma ya mlango wa stoo nikihesabu siku kwa vidole. Siku tano. Siku tano nyuma nilikuwa bado natumia kifuniko kimoja.

Alipona, namshukuru Mungu. Alipita tena kituoni baada ya wiki tatu kumpeleka mtoto chanjo, akanisalimia vizuri bila kujua nilichokuwa nikikifikiria. Jioni ile nilimuuliza Mama kama mimi ndiye niliyemuumiza. Alinyamaza kwa muda. Akasema, "Hujui. Hata mimi sijui. Pengine ni mikono yangu, pengine ni kitanda, pengine aliumwa huko huko nyumbani. Ugonjwa wa namna hii hauachi alama ya vidole. Ndiyo maana tunafanya sawasawa kila siku, hata siku ambayo hakuna anayeumwa."

Nilipofika chuoni nilisoma zaidi juu ya jambo hili, na nikagundua kwamba nilikuwa nimekanyaga njia ya zamani sana. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari mwenye asili ya Hungaria aitwaye Ignaz Semmelweis alikuwa akiumia kichwa kwa swali kama langu. Katika wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, akina mama walikufa kwa homa ya uzazi kuliko katika wodi ya wakunga, hata wengine walilia wasipelekwe huko. Aligundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili, kabla ya amri hiyo, katika kila wazazi 100 walikufa 18. Mwezi Juni walikufa 2. Wakubwa wengi wa taaluma yake hawakumkubali, kwani kukubali kungekuwa kukiri kwamba mikono yao wenyewe iliua. Nilipoisoma habari hiyo nilimwelewa Semmelweis, lakini niliwaelewa pia wale wakubwa. Najua jinsi ilivyo vigumu kukiri.

Habari nyingine iko karibu na sisi zaidi. Mwaka 1976 ugonjwa wa Ebola ulitokea huko Yambuku, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliougua walikuwa 318, na 280 kati yao walikufa. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kwamba katika hospitali ya misheni ya mahali pale wauguzi walipewa sindano tano kila asubuhi, na hizo tano ziliwadunga wagonjwa wote waliofika siku hiyo, zikisuuzwa kwa maji tu kati ya mtu na mtu. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na kidogo, wakakigawa kwa wote ili asikose mtu. Kila aliyefika alipata sindano, na sindano hizo ndizo zilizosambaza kifo. Nilipofika hapo niliifunga kompyuta ya maktaba. Sindano zile tano na chupa yangu moja vilikuwa vitu vya ukoo mmoja.

Ndipo nilipoelewa kwamba umaskini una hatari mbili katika hospitali. Ya kwanza kila mtu anaijua: vitu havipo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata maambukizi humo humo hospitalini. Hatari ya pili haizungumzwi sana: kile kidogo kilichopo hunyoshwa mpaka kinapoteza nguvu, huku kwa macho na kwa pua kila kitu kikionekana kipo. Glovu zipo, lakini jozi ile ile iliyomshika mgonjwa imeshika kitasa, simu na faili. Sanduku la sindano lipo, lakini limejaa mpaka ncha zinatokeza juu, ilhali lilipaswa kufungwa lilipofika robo tatu. Sabuni ipo, lakini imetiwa maji mara tatu. Mtu anayekosa kabisa hulalamika na pengine husikika. Aliyepunguziwa nguvu hana habari kwamba amekosa.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Masoro wakati Wizara ya Afya ilipotangaza, tarehe 27 Septemba 2024, kwamba homa ya Marburg imeingia Rwanda. Anayelijua eneo letu atakumbuka wiki zile. Asubuhi wafanyakazi wa viwanda vya Eneo Maalumu la Kiuchumi walipita barabarani bila kushikana mikono. Sisi wanafunzi, tuliozoea kukumbatiana na kushikana mikono hata na mtu tuliyeonana naye jana, tulisalimiana kwa viwiko au kwa kuweka mkono kifuani. Kandagira ukarabe, vile vifaa vya kunawia ambavyo unakanyaga kwa mguu maji yanatoka juu, vilirudi kila mlango kama siku za Korona. Kutembelea wagonjwa hospitalini kulisimamishwa. Mama yangu mzazi alinipigia simu kila jioni kuniuliza kama kichwa kinaniuma.

Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba ugonjwa huo uliwashika hasa wahudumu wa afya. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 20 Desemba, walikuwa wameugua watu 66 na 15 kati yao walikufa, na takribani wanane katika kila kumi waliougua walikuwa wahudumu wa afya. Marburg huanza kwa homa, kuumwa kichwa na uchovu, kama malaria. Aliyempokea mgonjwa wa kwanza hakuwa na sababu ya kumwogopa. Alichokuwa nacho cha kumlinda ni zile tahadhari za kila siku tu, zile ambazo Mama alisema hufanywa hata siku ambayo hakuna wa kumshuku.

Lakini wiki zile nilijifunza pia kwamba nchi isiyo na mali nyingi inaweza kutumia kidogo chake sawasawa. Chanjo ya majaribio ilipofika Kigali mwanzoni mwa Oktoba, dozi za kwanza zilikuwa kama 700. Katika jiji lenye watu zaidi ya milioni moja na nusu, hizo ni tone. Hazikutawanywa ili kila kata ipate chache na kila mkubwa aridhike. Siku iliyofuata zilianza kupewa wahudumu wa afya waliokuwa karibu zaidi na ugonjwa. Waliowahi kukaa na wagonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja. Wagonjwa waliozidiwa walipewa matibabu kamili, hata kuwekewa mashine za kupumulia, na baadhi yao waliondolewa mashine wakapona. Katika milipuko mingi ya zamani Marburg iliua nusu ya waliougua au zaidi. Hapa iliua chini ya robo. Sisemi kwamba ni chanjo peke yake. Wataalamu watalieleza hilo. Nasema kwamba nilitambua hesabu ya Mama: dawa kali mahali pake, na sabuni na maji kwingine kote.

Nilimpigia simu katika wiki ya pili ya mlipuko. Nilimuuliza, "Mama, mko salama?" Akanijibu, "Leo bomba lina maji." Kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Akaniambia pia kwamba siku hizi Jik inapokwisha haongezi maji. Anafungua daftari la stoo anaandika, kwa herufi kubwa, IMEKWISHA, pamoja na tarehe na saa. Mara ya kwanza msimamizi alikasirika, akasema anakiaibisha kituo kwa wakaguzi. Mama alimjibu kwamba kitakachokiaibisha kituo ni kaburi. Wakaguzi walipokuja wakaliona neno lile katika kurasa nne, na tangu hapo wanaletewa chupa zaidi. Hazitoshi bado, lakini zinatosha kitanda cha kuzalishia.

Nimelifikiria sana daftari lile. Mimi nilisifiwa kwa kufikisha chupa mwisho wa mwezi, na sifa hiyo ndiyo iliyoficha kwamba kituo kilihitaji chupa nyingi zaidi. Kila kifuniko nilichopimia maji kilikuwa taarifa ya uongo kwa wakubwa: tunatosheka, msituongezee. Mfagizi anayebana dawa hudhani anaisaidia serikali, kumbe anaifumba macho. Nasi wasomi tunapotembelea hospitali tunanusa, tunasema pamesafishwa, tunaondoka.

Siwezi kujidai kwamba nimekuwa mtu mwingine. Karibu na lango la chuo kuna viwanja vya viwanda ambamo, mnamo Desemba 2023, kampuni ya BioNTech ilizindua jengo la kutengenezea chanjo za kisasa kabisa. Wenzangu wanaota kufanya kazi humo, na ni ndoto nzuri. Mimi nikipita huwaza pia ndoo. Chanjo itakayotoka pale siku moja itafika kwenye kituo kama kile cha kwetu, itachomwa na muuguzi ambaye kwanza anatakiwa kunawa mikono, na maji yatakuwa yamepandishwa kutoka bondeni kichwani mwa msichana fulani. Tusipomfundisha na kumsikiliza huyo, tumekosa kumalizia kazi.

Katika nyumba tunayopanga hapa Masoro tuko wanafunzi tisa, tuna sinki moja la kunawia nje ya choo. Wakati wa Marburg tulichanga fedha za sabuni ya maji, na kwa wiki mbili ilikuwa nzito na nzuri. Baadaye niliona imekuwa nyepesi, kisha nyepesi zaidi, mpaka ikawa maji ya rangi ya waridi yenye kunukia maua. Kila mmoja wetu alikuwa ameongeza maji kidogo ili asiwe yeye wa kusema kwamba imekwisha. Hata mimi niliongeza, mara moja, asubuhi nilipochelewa darasani.

Jioni hiyo niliimwaga chupa, nikaisuuza, nikairudisha tupu mahali pake. Juu yake nikabandika karatasi: SABUNI IMEKWISHA. Jirani yangu mmoja alikasirika, akaniuliza kwa nini nimemwaga kitu ambacho bado kilikuwepo. Nilimweleza habari ya kifuniko, ya ndoo, na ya yule msichana wa siku tano. Ilikuwa mara ya kwanza kumsimulia mtu. Hakusema kitu, akaingia chumbani kwake. Asubuhi tulikuta kipande cha sabuni ya mche kimefungwa kwenye wavu kando ya bomba, na karatasi yangu imegeuzwa. Nyuma yake palikuwa na majina yetu tisa na zamu ya kununua. Jina langu lilikuwa la kwanza.